Kijani na weusi kwenye kuta za nje ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika ikishaisha tu maswali ni yaleyale, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, Unguja, Mombasa, na Bukoba ambako mvua karibu haikatiki. Tumeyakusanya hapa ili mtu asome mara moja amalize. Majibu mengine yanategemeana, kwa hiyo ukiona tumekwambia uangalie swali fulani nenda kaliangalie kabla hujashika brashi.

## Kwanza ujue unapambana na nini

Huu ukijani ukutani ni nini hasa? Fundi anasema fangasi, jirani anasema ni majani.

Mara nyingi ni ukoga, yaani mwani mdogo sana usioonekana kwa macho mmojammoja, ila ukijaa unafanya utando wa kijani unaoteleza ukilowa. Hauna mizizi, na wala hauli rangi yako wala saruji, unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na unachotaka kwako ni maji tu. Ukiona vijani vifupi laini kama zulia, hasa kwenye nyufa na juu ya ukuta wa fensi, hiyo sasa ni kuvumwani, na hiyo ina vinyweleo vinavyoshikilia vumbi na udongo. Fangasi (ukungu) yenyewe inakuja na madoa meusi au ya kijivu, na mara nyingi vyote vitatu viko pamoja kwenye ukuta mmoja.

Uzuri ni kwamba dawa karibu ni ileile kwa vyote, kwa hiyo usikeshe unatafuta jina.

Kwangu ni michirizi meusi sio kijani. Na kwa jirani kuna rangi ya chungwa kama kutu, hiyo nayo?

Michirizi meusi inayoteremka kutoka juu mara nyingi nayo ni jamii ya mwani, ina ganda la rangi nyeusi linaloikinga na jua kali, ndo maana inakaa hata ukuta unaopigwa jua. Ile ya chungwa watu wengi wanadhani nondo zimeanza kushika kutu wakaanza kubomoa plasta bure. Inaitwa Trentepohlia, ni mwani wa kijani kabisa kwa ukoo wake ila umejaa rangi ileile inayofanya karoti iwe karoti, na kwenye kuta za nchi zenye joto na unyevu ni wa kawaida sana. Kutu ya nondo inatoka sehemu moja, kwenye ufa, na plasta pale inakuwa imevimba au inadondoka. Mwani unatapakaa na ukiukwangua kwa kucha unatoka kama unga.

Nitahakikishaje kabla sijanunua dawa?

Chukua jiki kidogo kwenye pamba au kitambaa, gusa sehemu ndogo ya doa, subiri dakika moja mbili. Likififia ni mwani au ukungu, likibaki vilevile ni masizi, vumbi au tope. Kama ni unga mweupe unaotoka ukutani hiyo ni chumvi, imebebwa na maji kutoka ndani ya tofali, jiki haitaisaidia chochote na kuiosha kwa maji mengi ndo unaiongezea. Hiyo unaipangusa kwa brashi kavu kisha unatafuta maji yanaingilia wapi.

Unaharibu nyumba au ni sura tu?

Ukoga mwembamba ni sura tu, kwa mwaka mmoja miwili. Shida ni kwamba utando unashikilia maji, ukuta unakaa umelowa muda mrefu zaidi baada ya mvua, rangi inaanza kuvimba na kubanduka, kuvumwani inapata pa kuanzia, na vinyweleo vyake vikiingia kwenye nyufa unakuta miaka michache mbele kuna mpaka mti wa jamii ya mkuyu umeota kwenye parapeti (ule ukuta unaopanda juu ya usawa wa bati). Na yale mabaka ya kijivu magumu yaliyoganda kama magamba (yale ni fangasi na mwani wanaoishi pamoja) yanatoa asidi inayokula chokaa taratibu. Kwa hiyo si dharura, lakini usikae nayo.

## Kwa nini kwangu na si kwa jirani

Kwa nini upande mmoja tu wa nyumba ndo umeshika kijani?

Angalia huo upande unaelekea wapi. Kwa Dar na pwani yote ya Tanzania, kuanzia kama mwisho wa Februari mpaka katikati ya Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, maana yake ukuta unaoangalia kusini unakaa kivulini wakati wote wa masika na miezi ya baridi baada yake, tena upepo wa kusi unausukumia mvua hukohuko. Maji mengi jua hakuna, kitu kingine utarajie nini. Ukichanganya na mwembe au muashoki uliopandwa mita moja kutoka ukutani, ukuta haukauki mpaka Oktoba.

Kama si upande wa kusini basi kuna maji mahali, na hapo ndo watu wengi wanaruka. Wanasugua, wanapaka rangi, miezi sita wanarudi kulalamika. Zunguka nyumba mvua ikiwa inanyesha, na mwavuli wako, uangalie kwa macho. Gata limeziba na maji yanamwagikia ukutani. Bomba la maji ya AC limekatwa fupi linadondoshea ukuta mchana kutwa. Tenki la juu linafurika usiku kwa sababu boya limeharibika. Bati limeishia palepale kwenye ukuta, halikutoka nje vya kutosha. Mchirizi wa kijani ni ramani, ufuate kwenda juu utakufikisha kwenye maji yenyewe.

Nyumba yangu ni ya kisasa, paa la kuficha, haina hata miaka mitatu na imeshachafuka kuliko nyumba ya baba ya mwaka 1980. Inakuwaje?

Hili swali linaulizwa sana sasa hivi na jibu halifurahishi. Nyumba ya mzee ina bati lililotoka nje ya ukuta, mvua inadondoka mbali. Nyumba ya paa la kuficha ukuta umepanda juu ya bati, kwa hiyo kila tone linalopiga juu ya parapeti linateremka na ukuta mpaka chini, likiwa limebeba vumbi lote lililokaa pale juu tangu kiangazi, na vumbi hilo ndo mbolea ya mwani.

Dawa yake ni kuvalisha kichwa cha parapeti: kifuniko cha bati lililokunjwa au cha zege, kiinamie upande wa ndani kwenye bati sio upande wa nje, na kitokeze nje ya ukuta sentimita 4 au 5 kikiwa na kijifereji chini yake ili tone likatike lidondoke badala ya kurudi ukutani. Kazi hiyo ni ndogo ukilinganisha na kupaka rangi nyumba nzima kila mwaka. Fundi akikwambia kitaharibu muonekano mwambie michirizi meusi imeshauharibu.

Kijani kiko chini tu, kama futi mbili kutoka ardhini.

Ama matone ya mvua yanaruka kutoka ardhini na tope lake, ama unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Ukiona tope limeruka na kijani kinaishia usawa mmoja karibu nyumba nzima, ni matone: mwaga kokoto kuzunguka nyumba upana wa nusu mita au weka zege lenye mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta. Kama rangi inavimba na chumvi inatoka, na ndani nako kuna unyevu usawa huohuo, msingi haukuwekewa kizuizi cha unyevu au udongo umejazwa mpaka juu yake. Hilo la pili ni la kawaida mno, mtu anajenga vizuri alafu anajaza kifusi cha bustani mpaka kinapita usawa wa sakafu. Kishushe.

## Kusafisha kwenyewe

Nipe njia rahisi isiyo na gharama.

Jiki na maji. Jiki nyingi za dukani zina nguvu ya kama asilimia 3 mpaka 5, soma lebo, na ambayo haina lebo iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa achana nayo maana hujui imeshapoa kiasi gani. Kipimo: jiki 1 kwa maji 4. Ukiwa na ndoo ya lita 10 ni jiki lita 2 na maji lita 8. Kwa weusi sugu unaweza kwenda 1 kwa 3. Maji yawe ya baridi, ya moto yanaiua dawa kabla haijafika ukutani.

Chagua asubuhi au jioni, ukuta ukiwa kivulini. Kwanza lowesha mimea yote iliyo chini (angalia swali la mimea na kuku). Pulizia dawa kwa lile bomba la mgongoni la kupulizia mashamba, au paka kwa brashi ya rangi, ukianzia CHINI kupanda juu. Watu wanashangaa hapo, lakini ukianzia juu dawa inachirizika kwenye ukuta mkavu inakuachia mistari myeupe ambayo haitoki. Acha dakika 10 mpaka 15, isikauke, ikianza kukauka pulizia tena kidogo. Kisha sugua kwa brashi ya nailoni yenye mpini mrefu, usuuze kwa mpira wa maji kuanzia JUU kushuka. Kama bado kuna kivuli cha kijani rudia kesho yake, usiongeze ukali wa dawa.

Dawa uliyochanganya itumie siku hiyohiyo. Ikilala inapoteza nguvu, na ikikaa juani inapoteza haraka zaidi.

Jiki nyingi inaniishia hela. Naweza kutumia klorini ya unga ya kuwekea kwenye bwawa la kuogelea?

Unaweza, na kwa nyumba kubwa ni nafuu. Ile ya asilimia 65 weka gramu 150 kwenye lita 10 za maji, utapata nguvu inayokaribiana na jiki ya 1 kwa 3. Tia unga kwenye maji, usimwage maji kwenye unga. Koroga kwa mti, acha itulie, chuja kwa kitambaa, la sivyo machicha yake yanaziba pua ya bomba. Unga wenyewe uweke mbali na mafuta, petroli, na dawa nyingine za bwawa kwa sababu unaweza kuwaka moto.

Siki, limao, chumvi, sabuni ya unga?

Sabuni ya unga inasaidia kutoa vumbi na tope kabla ya dawa, ila suuza vizuri kwanza. Siki inafanya kazi kidogo kwenye ukoga mchanga lakini ni asidi, inakula chokaa, na kwa ukuta mzima utanunua chupa ngapi. Chumvi usiweke kabisa, inaingia kwenye plasta inabaki humo inavuta unyevu miaka yote.

Na hili tunalirudia kila mara: jiki usichanganye na siki, limao, dawa ya choo yenye asidi wala dawa yoyote yenye amonia. Inatoka gesi ya sumu inayochoma mapafu. Kwenye bomba la kupulizia pia, kama jana ulitumia kitu kingine lioshe kwanza mara mbili tatu.

Fundi amekuja na asidi, anasema ndo inang'arisha.

Mwambie asante. Asidi inang'arisha kwa sababu inakula uso wa saruji, inaondoka na mwani pamoja na ngozi ya plasta, na ukuta uliobaki una vitundu vingi zaidi kuliko mwanzo kwa hiyo mwaka ujao kijani kinashika mara mbili. Inakula pia gril, fremu za alumini na misumari ya bati.

Mrututu je? Wazee wa kahawa wanasema unaua kila kitu.

Ni kweli mrututu unaua mwani, shaba ni sumu kwake. Lakini unaacha rangi ya bluu kwenye ukuta mweupe, unakula chuma na bati, na ukitiririka kwenye bwawa la samaki umewamaliza. Kwa ukuta wa nyumba ya kuishi hatuushauri.

Kama unataka dawa isiyochubua rangi kama jiki, tafuta kwenye maduka ya rangi dawa ya kuua ukungu iliyoandikwa benzalkonium chloride. Hiyo unapaka unaiacha, husuuzi, inafanya kazi polepole lakini inachelewesha kurudi.

Mashine ya presha ile ya kuoshea magari si ndo haraka?

Haraka ni kweli. Ila presha peke yake inaondoa kijani cha juu tu, kilichobaki kwenye vitundu kiko hai, ndo maana unaona ukuta umetakata Juni na Septemba umerudi. Tena maji yale yanaingia kwenye nyufa na chini ya rangi iliyolegea. Ukiitumia, weka dawa kwanza, tumia pua ya kutawanya maji sio ile ya mstari mmoja, simama nusu mita na usipige kwenda juu wala kwenye maungio ya madirisha. Kwa tofali za kuchoma zilizoanza kumomonyoka, plasta inayolia kitupu ukiigonga, na ukuta wa chokaa, usitumie kabisa.

Brashi ya waya? Hapana. Inachana rangi, na vipande vya chuma vinavyobaki vinashika kutu.

Kuvumwani nene inatokaje?

Kavu ndo inatoka vizuri. Subiri jua la siku kadhaa, ikwangue kwa mwiko wa mbao au skrepa ya plastiki, kusanya utupe, ndo upake dawa. Ukipaka dawa juu ya rundo la kuvumwani dawa inaishia kwenye majani ya juu, chini kuko salama salimini.

Wakati gani wa mwaka ni mzuri?

Kwa pwani, Juni mwishoni na Julai: masika imeisha na hewa imekauka kidogo. Ukifanya Februari utakuwa umewahi kabla ya masika, nayo ni sawa kama unataka kupaka rangi. Kwa Bukoba tafuta Juni na Julai hizohizo.

## Usalama

Mimea, kuku, tenki la maji ya mvua?

Mimea ilowe maji ya kutosha kabla ya dawa, uifunike turubai wakati wa kupuliza, na uimwagie tena ukimaliza, majani yaliyoshiba maji hayanyonyi dawa kirahisi. Kuku na watoto wawe upande mwingine mpaka ukuta umesuuzwa. Kama unakinga maji ya mvua, TOA bomba la gata kwenye tenki kwanza, na mvua ya kwanza baada ya kazi iache imwagike.

Mita ya LUKU iko palepale ukutani.

Zima swichi kubwa, funika mita kwa nailoni uifunge, na eneo hilo lisafishe kwa kitambaa chenye dawa, sio kwa bomba. Waya zinazoingia kutoka nguzo ya umeme usizikaribie na ngazi ya chuma. Kuzima swichi yako hakuzimi waya wa kutoka nguzoni, huo una umeme muda wote.

Nivae nini? Glavu za mpira, miwani ya kazi, gambuti, nguo unazokubali kuzipoteza. Simama upande upepo unakotoka. Ikiingia jichoni maji mengi safi dakika 15 bila kuacha, alafu hospitali.

## Rangi

Si nipake tu rangi juu yake?

Utakuwa umepaka rangi juu ya utando, sio juu ya ukuta. Itabanduka kama ganda, na kijani kitatokea kwenye nyufa zake. Safisha, acha ukuta ukauke, siku chache kwenye jua au wiki na zaidi kama ni kivulini, paka praima, ndo rangi ya nje yenye dawa ya ukungu iliyoandikwa kwenye kopo. Rangi ya ndani kwa sababu ni bei rahisi, hapana. Plasta mpya nayo ipe kama siku 28 kabla ya rangi.

Kitu kingine kinachotuumiza ni skimu, yaani kulainisha uso wa plasta kabla ya rangi. Mafundi wengi wanaskimu nje kwa unga wa jipsamu wa ndani kwa sababu unateleza vizuri mkononi. Jipsamu inakunywa maji. Ukuta wa nje uliopigwa jipsamu utasafisha maisha yako yote, hapo ni kuikwangua mpaka kwenye plasta na kurudia kwa pati ya nje yenye saruji.

Dawa za kuzuia maji zisizo na rangi zinasaidia?

Zile za silikoni zinasaidia kwenye tofali za kuchoma na mawe ya urembo, maji yanateleza lakini mvuke wa ndani unatoka. Paka kwenye ukuta mkavu na msafi tu. Ukuta wenye unyevu unaopanda kutoka chini usiufunge na chochote (rudi kwenye swali la futi mbili).

## Mambo ya pekee

Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe na chokaa.

Hapa sahau karibu yote ya juu kuhusu presha na rangi za dukani. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, unavuta unyevu na kuutoa, na mtu akiupiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki unyevu unafungiwa ndani, chokaa ya kati inageuka unga. Kwangua kijani kikiwa kikavu kwa brashi laini, tumia dawa ya benzalkonium badala ya jiki kama unaweza kuipata, kisha paka chokaa nyembamba mara kadhaa. Chokaa mbichi ina ukali ambao mwani hauupendi, ndo siri ya zile kuta nyeupe za zamani, ila inataka kurudiwa mara kwa mara na hilo ndo watu wameacha. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kubadilisha lipu au rangi ya nje waulize kwanza wahusika wa hifadhi.

Juu ya ukuta kuna bati za asbesto za zamani, nazo zina kuvumwani.

Usisugue, usikwangue, usipige presha. Nyuzi zake zikiruka zinaingia kwenye mapafu na hazitoki. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa. Na rangi ya zamani sana ya mafuta usiipige msasa kavu, inaweza kuwa na madini ya risasi. Ilowanishe ndo uikwangue.

Pavingi na ngazi za nje zinateleza.

Dawa ileile ya jiki 1 kwa 4, acha dakika 15, sugua kwa ufagio mgumu wa chelewa, suuza. Hizi zifanye kabla ya ukuta kama kuna wazee au watoto nyumbani.

Mimi ni mpangaji, nani anagharamia?

Soma mkataba. Kwa kawaida usafi ni wako, lakini gata lililotoboka, parapeti na tenki linalovuja ni vya mwenye nyumba. Piga picha mvua ikinyesha, maji yakionekana yanatoka wapi, umtumie. Hiyo picha ina nguvu kuliko kulumbana kwenye simu.

Weusi umetokea na ndani, ukuta huohuo.

Basi maji yameshapita ukuta mzima. Usisafishe ndani kwanza. Ziba nje, acha ukuta ukauke, fungua madirisha, sogeza kabati mbali na ukuta, ndo usafishe ndani ukiwa na barakoa na madirisha wazi. Kama kuna mwenye pumu alale chumba kingine mpaka kazi iishe.